Uingereza na katiba yake: kuiacha, kuikusanya au kuiandika upya?

Ukiwa na pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda na unaishi Uingereza kihalali, una kura katika uchaguzi mkuu wa nchi hiyo sawasawa na mzaliwa wa Leicester. Ni haki ya raia wa Jumuiya ya Madola, na hata pasipoti hiyohiyo ya kwenu inakubaliwa kituoni kama kitambulisho. Mkongo au Mrundi aliyeko Glasgow au Cardiff hana kura ya Bunge la London, lakini tangu sheria za 2020 anayo ya Bunge la Scotland au la Wales.

Haki hizo zote zimo kwenye sheria za kawaida. Wabunge wakiamua kuifuta ile ya kwanza, wanachohitaji ni wingi wa kawaida wa kura na idhini ya mfalme, ambayo haijawahi kunyimwa muswada wowote tangu 1708. Hakuna mahakama itakayowazuia, wala hakuna anayelazimika kuitisha kura ya maoni. Kwa hiyo mjadala wa miaka mingi kuhusu katiba ya Uingereza si wa maprofesa wa Oxford peke yao. Mtu wa Reading anayetuma fedha Tanga kila mwezi naye yumo, ajue asijue.

Njia zinazobishaniwa ni nne. Ya kwanza ni kuiacha katiba ilivyo na kuirekebisha kipande kwa kipande. Tatu zilizobaki zilichorwa Julai 2014 na Kamati ya Bunge ya Mageuzi ya Kisiasa na Kikatiba iliyoongozwa na Graham Allen, kwa utafiti wa King's College London: mwongozo usio na nguvu ya sheria, sheria moja inayokusanya zote zilizotawanyika, na katiba kamili iliyo juu ya Bunge. (Baada ya uchaguzi wa 2015 kamati hiyo haikuundwa tena. Haikuhitajika hata sheria kuiua.)

## Ugomvi ni wa nini hasa

Sehemu kubwa ya katiba ya Uingereza imeandikwa, ila haiko kwenye kitabu kimoja. Ipo Magna Carta ya 1215, ambayo toleo lake la 1297 limebakiwa na vifungu vichache tu vyenye nguvu. Ipo Sheria ya Haki ya 1689 iliyomnyang'anya mfalme uwezo wa kusimamisha sheria bila Bunge. Zipo sheria za muungano na Scotland za 1707, Sheria za Bunge za 1911 na 1949, Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, sheria za ugatuzi za mwaka huohuo, na Sheria ya Mageuzi ya Katiba ya 2005 iliyozaa Mahakama ya Juu.

Juu ya hizo kuna mazoea: mfalme humteua yule anayeungwa mkono na wabunge wengi, na London haitungi sheria juu ya mambo ya Scotland bila ridhaa ya Edinburgh. Zoea hilo la pili liliingizwa kwenye sheria mwaka 2016, likisema Bunge "kwa kawaida" halitafanya hivyo. Januari 2017 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba hilo ni suala la siasa, si la majaji kulisimamia. Mwaka uliofuata sheria ya kujitoa Umoja wa Ulaya ikapita huku Bunge la Scotland limekataa kuiridhia.

Ukiusikiliza mjadala kwa makini utaona kwamba wino si tatizo. Swali ni kufuli: kanuni zipi zisibadilishwe kwa wingi wa kawaida wa wabunge, na ufunguo akae nao nani? Leo jibu la Uingereza ni kwamba karibu hakuna kufuli. Bunge liko juu ya kila kitu, na Bunge la leo haliwezi kulifunga mikono Bunge la kesho. Mwanasheria A. V. Dicey aliiweka kanuni hiyo kwa maneno mwaka 1885, na imedumu.

Mifano miwili inaonyesha maana yake, na yote miwili inapita Afrika Mashariki.

Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Maelfu ya Waasia wa Nairobi, Mombasa na Kisumu walikuwa wamechukua pasipoti za Uingereza wakati wa uhuru, wakiwa na ahadi kwamba pasipoti hizo zina mlango wa kuingilia. Walipoanza kuondoka, serikali ya chama cha Labour, James Callaghan akiwa waziri wa mambo ya ndani, ilipeleka bungeni muswada uliotaka mwenye pasipoti ya aina hiyo awe na mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza, la sivyo asubiri kibali. Ulipita mabaraza yote mawili ndani ya siku 3 na ukaanza kutumika Machi 1, 1968. Wiki moja una nchi, wiki inayofuata unabaki na karatasi. Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipolichunguza jambo hilo miaka ya 1970, iliona ubaguzi wa rangi uliomo ndani yake ulikuwa udhalilishaji. Lakini mahakama za Uingereza zenyewe hazikuwa na pa kushika: sheria ni sheria.

Mfano wa pili ni wa juzi. Novemba 15, 2023 majaji watano wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba Rwanda si mahali salama pa kuwapeleka waomba hifadhi, kwa sababu upo uwezekano wa watu hao kurudishwa walikokimbia. Serikali ya Rishi Sunak haikubishana nao kwa ushahidi tu. Ilitunga sheria inayosema Rwanda ni nchi salama, na kwamba kila mwamuzi, jaji akiwemo, lazima aichukulie hivyo. Baraza la Mamwinyi, yaani baraza la juu lisilochaguliwa, liliurudisha muswada mara kadhaa, kisha likakubali, na Aprili 2024 ukawa sheria. Iwe unaiona Rwanda ni salama au la, angalia kilichotendeka: Bunge lilitamka hali ya nchi nyingine kwa kura, na jaji akaambiwa asitazame dirishani. Serikali ya Keir Starmer iliuacha mpango huo Julai 2024, lakini kilichouua ni uchaguzi, si mahakama wala katiba.

## Kuiacha ilivyo

Wanaotetea njia hii hawana hoja nyepesi, na msomaji aliyelelewa na katiba za kitabu kimoja huwa anawadharau haraka mno.

Kwanza, mfumo huu unamwondoa kiongozi bila tabu. Liz Truss alikaa madarakani siku 49 mwaka 2022. Masoko yalitikisika, chama chake kikamchoka, akatoka. Hakukuwa na kesi ya kumshtaki bungeni, tafsiri ya ibara wala mgogoro wa muhula. Boris Johnson alikuwa ameangushwa miezi michache kabla yake kwa mawaziri kujiuzulu mfululizo. Linganisha na nchi ambako rais mbovu ana miaka yake mitano iliyolindwa na ibara.

Pili, mambo makubwa yamewezekana kwa sababu hakuna kufuli. Kati ya 1997 na 1999 Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zilipata mabunge yao, haki za binadamu zikaingia kwenye sheria za nchi, na mamwinyi wa kurithi wakaondolewa bungeni isipokuwa 92. Nchi yenye masharti ya theluthi mbili na kura za maoni ingebishania hata robo ya hayo kwa kizazi kizima.

Tatu, mahakama haikuwa bubu. Agosti 2019 Johnson alimshauri Malkia asitishe vikao vya Bunge kwa wiki tano katikati ya mvutano wa kujitoa Ulaya. Septemba 24 majaji wote 11 walisema usitishaji huo ni batili, na kesho yake wabunge wakarudi ukumbini. Bila kitabu chochote.

Sasa upande wa pili. Katika uchaguzi wa 2024 Labour ilipata takriban asilimia 34 ya kura na viti 411 kati ya 650. Chama chochote chenye viti hivyo kinaweza kubadilisha chochote. Lord Hailsham, mhafidhina wa kuaminika, aliuita mfumo huu udikteta wa kuchaguliwa mwaka 1976 (alipoingia serikalini tena miaka mitatu baadaye hakuonekana kuulalamikia sana). Mwanahistoria Peter Hennessy anasema kila kitu kinasimama juu ya dhana kwamba wanaotawala ni waungwana watakaojizuia wenyewe. Wasipokuwa hivyo?

Jaribio la kufunga bila kufuli la kweli lilionekana kwenye Sheria ya Mabunge ya Muda Maalumu ya 2011. Ilisema uchaguzi wa mapema unahitaji theluthi mbili ya wabunge. Mwaka 2019 Johnson aliomba theluthi mbili mara tatu, akashindwa mara tatu. Akageuka, akapeleka sheria fupi ya wingi wa kawaida inayosema uchaguzi utafanyika Desemba 12, licha ya ile ya 2011. Ikapita. Mwaka 2022 ile ya 2011 ikafutwa kabisa.

## Mwongozo usio sheria

Hapa sina mengi. Uingereza tayari ina Mwongozo wa Baraza la Mawaziri uliotolewa 2011, unaoeleza mazoea kama watumishi wa serikali wanavyoyaelewa. Ulisaidia: sura yake kuhusu Bunge lisilo na mshindi ilichapishwa kwa rasimu miezi michache kabla ya uchaguzi wa Mei 2010, na uchaguzi huo ukazaa hali hiyohiyo. Kila mtu alijua nani azungumze na nani, na waziri mkuu wa zamani akae hadi lini. Kamati ya 2014 ilitaka kitu kama hicho, ila kipana zaidi na kilichoidhinishwa na Bunge. Kinasomeka na ni rahisi, lakini serikali ikiamua kukipuuza hakuna la kufanya. Mwananchi anayetaka kujua nchi inavyoendeshwa atafaidika. Mwenye hofu ya kupokonywa haki hatapata kitu.

## Kuikusanya: New Zealand

Njia ya tatu ni kuchukua sheria zote za kikatiba, kuzipanga, kuondoa zilizopitwa na wakati na kuzitoa kama sheria moja. Wa kumtazama hapa ni New Zealand, ambayo nayo haina katiba ya kitabu kimoja.

Julai 1984 waziri mkuu Robert Muldoon alishindwa uchaguzi huku sarafu ya nchi ikiporomoka. Serikali mpya ya David Lange, ambayo ilikuwa bado haijaapishwa, ilimtaka ashushe thamani ya dola. Akakataa, na kwa siku kadhaa haikujulikana nani anatawala, mpaka chama chake mwenyewe kilipomshinikiza akubali. Kutokana na aibu hiyo ikazaliwa Sheria ya Katiba ya 1986, ya kurasa chache, inayosema nani anashika madaraka, lini na vipi. Mwaka 1990 ikafuata Sheria ya Haki, ambayo nayo haimruhusu jaji kufuta sheria ya Bunge.

Ila New Zealand ina kitu kidogo ambacho Uingereza haina. Kifungu cha 268 cha Sheria ya Uchaguzi ya 1993 kinalinda mambo sita: muhula wa miaka mitatu wa Bunge, tume ya kugawa majimbo, namna majimbo yanavyogawanywa, tofauti ya idadi ya watu inayoruhusiwa kati ya majimbo, umri wa kupiga kura na kura ya siri. Kuyagusa kunahitaji asilimia 75 ya wabunge wote au wingi katika kura ya maoni. Kufuli hili limekuwepo tangu 1956. Wanasheria hucheka wakikuonyesha kwamba kifungu cha 268 chenyewe hakijafungwa, kwa hiyo mtu angeweza kukifuta kwanza kwa wingi wa kawaida kisha afanye atakalo. Zaidi ya miaka 60 na hakuna chama kilichothubutu. Ukishaandika kwenye sheria kwamba jambo hili ni la wote, anayeligusa peke yake anaonekana mchana kweupe.

Nje ya mambo hayo sita hakuna kinga. Novemba 2024 chama kidogo cha ACT, kilichomo kwenye serikali ya muungano, kilipeleka muswada wa kutafsiri upya kanuni za Mkataba wa Waitangi wa 1840 kati ya Wamaori na Taji la Uingereza. Mbunge kijana Hana-Rawhiti Maipi-Clarke aliuchana muswada huo ukumbini na kuanzisha haka, ngoma ya jadi ya Wamaori, na makumi ya maelfu ya watu wakaandamana hadi Wellington. Aprili 2025 ulikataliwa kwa kura 112 kwa 11. Siasa ililinda mkataba, sheria haikuulinda. Mara nyingine siasa huwa upande wa pili.

## Katiba kamili

Njia ya nne ndiyo tuliyoizoea: kitabu kimoja, juu ya Bunge, na majaji wenye uwezo wa kufuta sheria. Rasimu ya 2014 ipo, na kabla yake vuguvugu la Charter 88 lilikuwa limeidai tangu 1988. Waingereza wenyewe walishawaandikia wengine nyingi za aina hii. Mganga hajigangi.

Tena hawakuwa wachoyo wa makufuli. Katiba ya uhuru ya Kenya, iliyopatanwa Lancaster House, ilitaka asilimia 75 ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti ili kugusa vifungu vilivyolindwa zaidi, majimbo yakiwemo. Ni kufuli zito kuliko lolote ambalo London ingejiwekea. Lakini Novemba 1964 chama cha upinzani cha KADU kilijivunja na wabunge wake wakahamia chama tawala cha KANU, mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na Seneti ikamezwa 1966. Kufuli lilikuwa zima, bali waliokuwa na funguo walihamia upande mmoja.

Katiba ya 2010 imefanya vizuri zaidi. Ibara ya 255 inataja mambo kumi yasiyobadilishwa bila kura ya maoni, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu iliizima BBI, mpango wa kurekebisha katiba, kwa kusema rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia njia iliyowekewa wananchi. Katiba hiyohiyo inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge. Bunge halikutekeleza, Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais alivunje, na Bunge likakaa hadi uchaguzi wa 2022. Maandishi yale yale, nchi ile ile, matokeo mawili tofauti. Uganda iliondoa ukomo wa mihula ya rais mwaka 2005 na ukomo wa umri 2017, kila mara kwa theluthi mbili zilizotakiwa. Kwa hiyo mtu akikuambia Uingereza ikiandika katiba matatizo yameisha, muulize aliishi wapi.

Onyo kubwa zaidi, hata hivyo, linatoka Israel, kwa sababu ilianza bila kitabu na ikajaribu kukifikia polepole. Tangazo la uhuru la Mei 1948 liliahidi katiba kabla ya Oktoba 1 mwaka huo. Haikupatikana. Juni 1950 Bunge la Knesset likaamua iandikwe sura moja moja, kila sura iitwe Sheria ya Msingi, na mwisho sura zote ziunganishwe. Ya kwanza ilitoka 1958. Hazijaunganishwa mpaka leo.

Mwaka 1992 ikapita Sheria ya Msingi ya Utu na Uhuru wa Binadamu kwa kura 32 dhidi ya 21. Bunge lina watu 120. Yaani zaidi ya nusu hawakusema ndiyo wala hapana. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu, kwa rai inayokumbukwa zaidi kwa jina la Aharon Barak, ikasema Sheria za Msingi ziko juu ya sheria nyingine na majaji wanaweza kufuta zinazopingana nazo. Wengi waliona haki zimepata mlinzi. Wengine waliona majaji wamejipa katiba ambayo wananchi hawakuulizwa.

Deni hilo lilidaiwa Januari 2023, waziri wa sheria Yariv Levin alipotangaza mpango wa kupunguza nguvu za mahakama. Mitaa ya Tel Aviv ilijaa waandamanaji wiki baada ya wiki. Julai 24 muungano wa serikali ukapitisha marekebisho ya Sheria ya Msingi kwa kura 64 kwa 0, upinzani ukiwa umetoka nje, ya kuwazuia majaji kupima kama uamuzi wa serikali una mantiki. Januari 1, 2024 mahakama ikayafuta kwa majaji 8 dhidi ya 7. Katiba inayoandikwa kwa wingi wa kawaida, kisha ikapewa nguvu ya katiba kamili na mahakama, inaacha kila upande ukiamini umeibiwa. Hilo ndilo la kuepuka London, na ni rahisi kuliingia bila kukusudia.

Jedwali hili linarahisisha mno, lakini linasaidia kuona kwa mkupuo:

| | Kuiacha | Mwongozo | Kukusanya | Katiba kamili |
|---|---|---|---|---|
| Nani anabadilisha | Wabunge, wingi wa kawaida | Serikali na Bunge, bila sheria | Wabunge. Mambo machache kwa wingi mkubwa ukiiga New Zealand | Wingi mkubwa, mara nyingi na kura ya maoni |
| Jaji afute sheria ya Bunge? | Hapana | Hapana | Kwa kawaida hapana | Ndiyo |
| Scotland inalindwa? | Kwa mazoea tu | Kwa mazoea yaliyoelezwa | Ikiwekwa kwenye mambo machache | Ndiyo, ikikubali kuingia |
| Muda (kwa kukadiria kwangu) | Hakuna | Miezi | Kipindi kimoja cha Bunge | Miaka mingi |

## Uchague ipi

Inategemea unaogopa nini.

Kama hofu yako ni ya mhamiaji, kwamba chama chenye theluthi ya kura kitabadilisha hali yako kati ya Jumatatu na Alhamisi, basi kwa nadharia katiba kamili ndiyo kinga. Lakini pima: haki za wageni ndizo za kwanza kubishaniwa mezani watu wakiketi kuandika upya. Mwaka 2022 serikali ilipotaka kubadilisha Sheria ya Haki za Binadamu kwa muswada wa waziri wa sheria Dominic Raab, lengo lilikuwa kupunguza. Muswada huo uliachwa Juni 2023. Mchakato wa katiba ungeifungua hoja hiyo upya, safari hii ukiwa na uwezo wa kuyaingiza matokeo yake nyuma ya kufuli. Mimi nisingeharakisha.

Kama unaishi Scotland au Wales, kuiacha ilivyo ndiyo mbaya kuliko zote. England ina wabunge 543, Scotland 57, Wales 32 na Ireland ya Kaskazini 18. Hesabu haihitaji maelezo. Hapa Tanzania ina la kufundisha: Ibara ya 98 inataka baadhi ya mambo ya Muungano yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake, kwa hiyo ukubwa wa Bara haumezi kura ya Visiwani. Wenye kutaka muungano wa Uingereza udumu wangeazima kifungu kama hicho kabla ya kuazima cha Marekani.

Lakini Tanzania inafundisha la pili pia. Tume ya Jaji Warioba ilipoleta rasimu yenye serikali tatu, Bunge Maalum la 2014 liligeuka uwanja wa kupigania Muungano wenyewe. UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, wakatoka, Katiba Inayopendekezwa ikapita bila wao, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa bila tarehe. Uingereza ikiketi kuandika katiba kamili, swali la kwanza litakuwa kama Scotland inaruhusiwa kuondoka. Mwaka 2014 asilimia 55 walisema wabaki, na Novemba 2022 Mahakama ya Juu ilisema Edinburgh haina mamlaka ya kuitisha kura nyingine. Ireland ya Kaskazini tayari ina haki ya kuondoka kwa kura ya wengi, kwa sheria ya 1998 iliyotokana na mkataba wa amani. Katiba itakayoandika kwamba nchi haigawanyiki itavunja mkataba huo, na itakayoandika kwamba inagawanyika haitapita England.

Kwa hiyo mimi nachagua ya tatu, ila pamoja na kufuli dogo la New Zealand. Kusanya sheria zilizopo ili zisomeke. Kisha chagua mambo machache ambayo hakuna chama kitakachothubutu kusema hadharani kwamba kinayataka kwa ajili yake peke yake: nani ana haki ya kupiga kura (raia wa Madola wakiwemo), mipaka ya majimbo, muda wa Bunge, uhuru wa majaji, kuwepo kwa mabunge ya Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Yafungie kwa wingi mkubwa au kura ya maoni.

Utasikia pingamizi kwamba Bunge haliwezi kujifunga. Huenda. Katika kesi ya mwaka 2005 kuhusu sheria ya kuzuia uwindaji wa mbweha, majaji kadhaa walidokeza kwamba ukuu wa Bunge una mipaka kuliko Dicey alivyofundisha. Na New Zealand imeonyesha kwamba kufuli linaloweza kufunguliwa bado humfanya mtu asite.

Zaidi ya hayo, Uingereza tayari ina kufuli moja, na wengi hawalijui. Sheria ya Bunge ya 1911 ililiwezesha Baraza la Makabwela, yaani wabunge wa kuchaguliwa, kulipita Baraza la Mamwinyi karibu katika kila jambo, isipokuwa muswada wa kurefusha uhai wa Bunge kupita miaka mitano. Huo Mamwinyi wanaweza kuukataa, na ukafa. Lilifunguliwa kwa ridhaa ya mabaraza yote mawili wakati wa vita kuu mbili: Bunge lililochaguliwa 1910 lilikaa hadi 1918, na la 1935 hadi 1945. Yaani kinachozuia wabunge wa kuchaguliwa kujiongezea muda ni baraza ambalo hakuna aliyelichagua.

Desemba 2022 tume ya waziri mkuu wa zamani Gordon Brown ilipendekeza baraza hilo livunjwe na nafasi yake ichukuliwe na bunge la mataifa na mikoa, la kuchaguliwa. Wazo ni zuri. Ila mgombea akigonga mlango wako na kukuambia atawaondoa Mamwinyi wote, muulize lile kufuli la miaka mitano atalihamishia wapi, na kama atalihamisha kabla ya kuvunja au baada.